Malaria ya Golikipa

Kila asubuhi, kabla chai haijatengwa, Arafa binti Hamidi alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao, uso kaupa ukuta, akaloweka mikono kwenye bakuli la maji ya moto yenye chumvi. Vidole vikishalainika alivivuta kimoja kimoja kuanzia gumba, vikalia ka, ka, ka, mpaka akafika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hicho hakikulia. Kilivunjika Mpwapwa mwaka wa tisini na mbili, mshambuliaji mmoja alipokikanyaga yeye akiwa ameshaudaka mpira. Kilifungwa kwa vipande viwili vya rula na kitambaa, kikaunga upande, na tangu siku hiyo kilikaa kimetazama nje kama mtu aliyesusa.

Mama yake alikuwa akipita na ndoo, anasimama.

"Wenzako vidole wanavipaka hina. Wewe unavichemsha."

"Hina haidaki mpira, mama."

"Na mpira nao hauoi, mwanangu."

Wakacheka wote wawili, mama akaenda zake. Hivyo ndivyo siku ilivyoanza, mwaka hadi mwaka.

Watu wengi Dodoma walidhani Arafa aliwekwa golini kwa sababu ya urefu wake, au kwa sababu ya viganja vyake vipana. Si kweli. Aliwekwa golini kwa sababu ya suruali.

Baba yake, Mzee Hamidi, alikuwa fundi cherehani. Babu yake huyo mzee alikuja mjini na misafara ya zamani, akaona maji na biashara, akabaki, na watoto wake wakawa watu wa msikiti na wa baraza. Mzee Hamidi alishona kanzu na sare za shule barazani kwake, na alikuwa na heshima yake. Basi mwaka wa tisini kiwanda cha mafuta ya alizeti, ambacho wakati huo kilikuwa cha serikali, kilipoanzisha timu ya mpira ya wanawake, kocha Thobias alimwona Arafa akicheza netiboli, akamfuata baba yake nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Mzee, nimekuja kumwomba binti. Kazi ya kiwandani ipo, na mpira jioni."

"Kazi nimekuelewa," akasema Mzee Hamidi, mguu bado uko kwenye pedali ya cherehani. "Huo mpira ndio sijauelewa. Nimeona wanavyovaa. Ile si nguo, ile ni kiraka."

Thobias akajikuna kichwa. Alikuwa mtu mpole, mpole kupita kiasi, na upole wake huo tutaukuta tena mbele. Akasema, "Mzee, uwanjani kuna mmoja tu anayeruhusiwa suruali ndefu. Golikipa."

Cherehani ikasimama. "Na refa hamfukuzi?"

"Hamfukuzi. Ni sheria."

"Na kilemba?"

"Nacho avae."

Mzee Hamidi akamwangalia binti yake aliyekuwa amejibanza mlangoni, halafu akavuta futi yake ya kupimia. "Simama hapa nikupime," akasema.

Ndiyo Arafa akawa golikipa. Aliingia golini na suruali nyeusi ya kodrai aliyoshonewa na baba yake, magotini imewekewa kitambaa mara mbili, na kilemba kimebanwa kwa pini nne. Kiwandani aliandikwa mfungaji wa madebe. Asubuhi alifunga vifuniko vya madebe ya mafuta, jioni alikwenda uwanjani, na kila mtu alijua kwamba mshahara ule ni wa mpira. Wachezaji wote waliajiriwa hivyo.

Mechi za mwanzo zilikuwa mateso. Watu walikuja kuwatazama wanawake kama wanaokuja kutazama vichekesho. Walikaa nyuma ya goli lake makusudi. Siku moja kijana mmoja akapayuka, "Dada suruali! Hiyo suruali ya nani, ya baba?"

Arafa hakugeuka. "Ndiyo, kaishona baba! Na hiyo yako, alivaa nani kabla yako?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, maana wakati huo mitumba ndiyo imeingia mjini kwa wingi na hakuna kijana aliyekuwa na suruali mpya. Mitumba hiyohiyo ndiyo ilimnyang'anya Mzee Hamidi wateja wake, akabaki na sare za shule tu. Lakini marobota hayo ndiyo yalimpa Arafa glovu. Jaffer, mzee wa Kihindi mwenye duka karibu na soko, alifungua robota akakuta katikati ya masweta glovu mbili za golikipa, kubwa, zimetumika kidogo. Akatuma aitwe.

"Chukua, binti Hamidi. Mimi sina goli nyumbani."

Kabla ya hapo alikuwa akidakia glovu za wabeba mizigo. Zile za Jaffer alizishona upya mara saba, na kila mara baba yake aliongeza mshono mmoja, akinung'unika kuhusu mitumba huku sindano inakwenda.

Miaka saba. Alijifunza mwenyewe kutazama nyonga ya mpigaji badala ya mguu, maana mguu unadanganya, nyonga haidanganyi. Alijifunza upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane, unavyoupandisha mpira halafu ukauacha uanguke ghafla. Aliwapigia kelele mabeki wake mpaka sauti ikakauka. Wale waliokuja kucheka walianza kuja kutazama, na wakati wa penalti walihama jukwaa kumfuata golini kwake.

Halafu mwaka wa tisini na saba kiwanda kikauzwa. Watu waliitwa mmoja mmoja ofisini wakatoka na bahasha, na wengine walikaa getini wameishika hawajui waende nayo wapi. Kuhusu timu ya wanawake tangazo lilikuwa fupi: imalize msimu, ivunjwe. Mwenye kiwanda mpya hana habari nayo.

Ikabaki mechi moja, fainali ya kanda ya kati, dhidi ya Singida. Na wiki hiyohiyo ikaja barua kutoka Dar es Salaam. Thobias aliwasomea wachezaji wakiwa wamekaa kwenye nyasi: kwamba mteuzi wa timu ya taifa atakuja kutazama fainali, na hasa anataka kumwona "golikipa anayevaa suruali ndefu". Wenzake wakampigia makofi. Arafa aliiomba ile barua, akaisoma mwenyewe mara tatu, akairudisha. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Kama hataonekana siku hiyo, hataonekana tena, maana baada ya siku hiyo hakutakuwa na timu wala goli la kusimama. Hilo kila mtu alilijua. Na Matonya naye alilijua.

Matonya alikuwa katibu wa timu, na yeye ndiye mkuu wa kile wanachokiita kamati ya ufundi. Asiyejua mpira wetu atadhani kamati hiyo inafundisha kupiga kona. Kazi yake ni dawa. Kamati ndiyo inayomtafuta mtaalamu, yaani mganga, ndiyo inayofukia vitu chini ya nguzo za goli, ndiyo inayosema leo msipite getini, rukeni ukuta, maana geti limetegwa. Miaka yote Arafa aliwafuata. Aliruka kuta na suruali yake ya kodrai. Alioga majani yao, akakanyaga yai, akaingia uwanjani kinyumenyume mbele ya watu kama kichaa. Alicheka tu. Alisema moyoni, waache watoto wacheze, mimi nadaka. Baadaye hicho ndicho kilichomkera kuliko vyote, kwamba alicheka.

Siku ya Ijumaa, kesho yake ikiwa fainali, timu ilikuwa kambini, kwenye darasa la shule moja ya msingi nje kidogo ya mji. Wamemaliza kula wali, wanapumzika kwenye magodoro. Matonya akaingia na wanaume wawili wa kamati, na daftari la shule mkononi, na kalamu sikioni. Thobias akaingia nyuma yao akasimama karibu na ubao.

"Akina dada," akasema Matonya, "mtaalamu amekwishamaliza kazi ya magoli. Kazi nzuri, nzito. Lakini ametoa sharti. Goli halilindwi na mwanamke aliye kwenye siku zake. Akisimama pale, dawa inaoza. Kwa hiyo naomba makipa wawili, Arafa na Emilia, mnijibu. Arafa, wewe uko kwenye siku zako?"

Alisema hivyohivyo, mbele ya wachezaji kumi na nane na wanaume watatu, kalamu imeshatoka sikioni iko juu ya karatasi.

Nyumbani kwao Arafa, hata mwezi wa Ramadhani, mwanamke akionekana anakunywa maji mchana watu huangalia pembeni. Mzee Hamidi mwenyewe mwezi huo hukohoa kabla ya kuingia jikoni, ili mwenye sababu yake apate nafasi ya kuficha kikombe. Haulizi. Hajapata kuuliza. Na huyu hapa Matonya, ana mke, ana mabinti wanne, anataka aandike kwenye daftari.

Arafa alihisi masikio yanawaka. "Umesema nini, katibu?"

"Usinikasirikie, bibie. Ni swali la timu."

"La timu? Waulize na mabeki basi. Jiulize na wewe."

Kuna waliocheka. Matonya hakucheka. "Jibu ni moja tu, ndiyo au hapana. Ukisema hapana, tumemaliza, unacheza."

"Sijibu."

"Asiyejibu ana jambo."

"Asiyejibu hajajibu! Miaka saba nimesimama pale, kuna siku uliniuliza? Ile penalti ya Morogoro nilidaka, uliniuliza? Nikudakie mpira, halafu nikufunulie na nguo?"

Thobias akasogea, sauti ya chini, filimbi anaizungusha kidoleni. "Arafa, mdogo wangu. Neno moja tu. Hata la uongo. Mgeni anakuja kwa ajili yako."

Na hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Hakuhitaji uongo. Siku zake zilikwisha tangu Jumapili. Lile "hapana" lilikuwa la kweli, lilikuwa mdomoni, na nyuma yake ilikuwepo Dar es Salaam, na ndege, na jezi yenye bendera. Lakini alijua akilitoa tu, litaandikwa. Na likishaandikwa, kesho ataulizwa mwingine, na keshokutwa wataomba kuona.

Akamwangalia kocha wake. "Wewe ndiye uliyemwambia baba yangu kwamba golini nitasitirika."

Thobias akatazama filimbi yake.

Matonya akaandika kitu. Akageukia upande wa pili. "Emilia?"

Emilia alikuwa binti wa miaka kumi na minane, kipa wa akiba, hajacheza mechi hata tatu. Alikuwa amekumbatia mto. "Siko," akasema haraka.

"Vizuri sana. Unaanza wewe."

Wanaume walipotoka, Emilia alikuja taratibu akaketi pembeni ya godoro la Arafa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Dada Arafa."

"Sema."

"Mimi ndiyo niko. Tangu jana. Niliogopa tu."

Arafa alimwangalia. Halafu kicheko kikamtoka, kikali, cha hasira, na Emilia naye akacheka huku analia, wakacheka mpaka wenzao wakauliza kuna nini. Hawakusema.

"Hiyo dawa yao sasa sijui itaoza saa ngapi," Arafa akasema mwishowe. "Kesho usitoke golini kwenye kona za upande wa upepo. Mpira utakuangukia nyuma. Subiri."

Jumamosi walifika uwanjani wakarushwa ukuta kama kawaida, mmoja mmoja, wanaume wa kamati wakiwasukuma matako kutoka chini. Arafa alisema, "Mimi usiniguse," akapanda mwenyewe. Watu walijaa. Walipomwona anakwenda benchi na suruali yake, minong'ono ilianza, halafu kelele. "Suruali yuko wapi? Mwingizeni Suruali!" Alikaa. Mikono aliibana katikati ya magoti, glovu za Jaffer ziko mapajani.

Emilia hakucheza vibaya. Alifungwa moja, kona ya upande wa upepo, alitoka mapema kama wanavyotoka wote wasioujua upepo ule. Timu ikasawazisha. Dawa haikuoza wala haikufanya kazi. Uwanja ulikuwa vumbi na wanawake ishirini na wawili wanaokimbia.

Wakati wa mapumziko mama mmoja mwenye miwani na mkoba alishuka kutoka jukwaa kuu, akaja moja kwa moja kwenye benchi. Arafa akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Arafa? Pole sana, mwanangu. Katibu wenu ameniambia. Malaria ya ghafla hivyo, na siku kama ya leo! Umemeza dawa?"

Arafa alimtazama Matonya juu ya bega la yule mama. Matonya alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Malaria. Kumbe lile neno la jana, lililokuwa halali kumuuliza mbele ya watu kumi na nane, halikuweza kutamkwa mbele ya mtu mmoja mwenye mkoba. Jana lilikuwa swali la timu, leo limekuwa aibu. Na aibu ile si ya Matonya, kamvika yeye, kamfanya mgonjwa.

Alitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Lakini kwa kusema angetakiwa kuanza na yaleyale, siku zake, mbele ya mgeni, mwenyewe kwa mdomo wake. Walikuwa wamemfungia kila upande. Akajibu tu, "Ahsante mama," na yule mama akamgusa paji la uso kwa kiganja, kama mzazi, akaondoka akitikisa kichwa.

Dakika tisini zikaisha, bao moja kwa moja. Za nyongeza zikaanza. Hata vipofu wangeona kwamba hii inakwenda penalti. Zilipobaki dakika mbili hivi, watu wakaanza kuhama jukwaa kwenda nyuma ya goli la kusini, wanaimba, "Suruali! Suruali!" Matonya akaja benchi anakimbia, jasho linamtoka, daftari limekunjwa mfukoni.

"Arafa! Dada yangu! Jiandae, unaingia. Penalti hizi ni zako."

"Na dawa?"

"Tumeshaongea na mtaalamu. Anasema ile ilikuwa ya dakika tisini, imekwisha kazi. Sasa ruksa. Vaa glovu, haraka!"

"Ruksa."

"Ruksa kabisa. Yule mama wa Dar yuko pale anakutazama. Si ndicho ulichotaka?"

Ndicho. Alikitaka tangu siku ile Mzee Hamidi alipovuta futi. Alimwona yule mama jukwaani amesimama, mkono juu ya macho kukinga jua. Aliwaona wapigaji wa Singida wanajinyoosha, na bila kutaka akaanza kuzisoma nyonga zao: namba tisa huyu, anapiga anakoangalia. Vidole vilianza kumwasha, hata kile kilichosusa.

"Mwambie kwanza," Arafa akasema.

"Nani?"

"Yule mama. Nenda kamwambie kwa nini nilikaa hapa dakika tisini. Kwa maneno yaleyale ya jana. Ukirudi, nitavaa."

Matonya akatoa macho. "Wewe mwanamke una wazimu? Mambo yale yanasemwa?"

"Jana yalisemwa."

"Arafa, tafadhali," akasema Thobias kutoka nyuma. Neno hilo tu. Halikuwa na kitu kingine ndani yake.

"Basi mimi ni mgonjwa, katibu," Arafa akasema kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia. "Nina malaria. Umeisahau? Mgonjwa hadaki penalti."

Refa alikuwa amepuliza kumaliza za nyongeza. Emilia alikuja mbio mpaka kwenye mstari, uso mweupe kwa vumbi. Arafa akamshika mikono, akamvalisha zile glovu moja baada ya nyingine, akakaza kamba. "Tazama nyonga," akamwambia. "Namba tisa anapiga anakoangalia. Na usiwasikilize hawa. Wewe ni kipa."

"Na wewe dada?"

Aligeuka, akapita mbele ya benchi, mbele ya Matonya aliyenyoosha mkono kumzuia halafu akaurudisha. Hakwenda kwenye ukuta. Alikwenda kwenye geti kubwa, lile ambalo kamati ilisema limetegwa, ambalo kwa miaka yote hakuwahi kulipita siku ya mechi. Lilikuwa geti tu la chuma lenye kutu, na mlinzi amekaa kwenye stuli anasikiliza kelele.

"Unakwenda wapi, Suruali? Penalti ndiyo zinaanza!"

"Nyumbani."

Nyuma yake uwanja ukalipuka, halafu ukanyamaza, halafu ukalipuka tena. Hakugeuka kujua nani kafunga, nani kadaka. Alipita kwenye duka la Jaffer, alipita kwenye kituo cha mabasi ya Mpwapwa, upepo unamsukuma mgongoni na vumbi linamjaa kwenye pindo za suruali, mikono yake mitupu inaning'inia. Jumatatu hakuonekana kwenye madebe kiwandani. Barua mbili za kumwita zilitoka Dar es Salaam, wakaja watu kumbembeleza barazani kwa Mzee Hamidi, na mzee aliwaambia yupo, yuko ndani, lakini hatoki. Golini hakurudi.